Dua ya Mabao

"Tangu lini, mwenzangu, na wewe ukawa na timu?"

Hilo ndilo swali aliloulizwa Mama Dobi na mshonaji, jirani yake wa ukuta mmoja, asubuhi ile alipoanua jezi ya zambarau kambani, akaikung'uta, kisha badala ya kuikunja na kuitia kwenye furushi la mteja akaivaa mwenyewe juu ya gauni.

"Tangu juzi," akajibu.

"Ya nani hiyo?"

"Yangu."

Mshonaji akaondoa mguu kwenye cherehani. Miaka yote waliyokaa ukuta kwa ukuta alimjua mjane huyu kwa sabuni, pasi na sala. Mpira ukitangazwa redioni yeye alikuwa anafunga dirisha. Leo amevaa jezi, imembana kifuani, na mgongoni ana namba tisa.

"Haya," mshonaji akasema. "Uzee una mambo. Wengine wanaota mvi, wengine wanaota timu."

Mama Dobi akatabasamu, akaendelea kubanua vibanio. Hakuwa mtu wa kusema uongo. Lakini kunyamaza hakukukatazwa popote, naye akajishikiza hapo hapo.

Jambo lenyewe lilianza na simu. Mziwanda wake alikuwa amevuka mpaka kwenda nchi jirani kusuka watu nywele, na kwa muda mrefu habari zilikuwa njema. Halafu juzi simu ikalia, akakuta sauti asiyoijua.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye ninayekaa na mwanao chumba kimoja. Usishtuke."

Ukiambiwa usishtuke, moyo unakuwa umeshatangulia. Mama Dobi akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Amejifungua, mama. Mtoto wa kike, mzima kabisa. Mwenyewe ndiye sijui niseme vipi. Mwili umepona, akili haijarudi. Anakaa anatazama ukuta. Hospitali wamempa dawa, anazitema. Nikienda kazini roho inabaki huku, naogopa kuwaacha wawili peke yao. Na mwisho wa mwezi mume wangu ananichukua, chumba tunakirudisha kwa mwenyewe. Baba wa mtoto hajulikani aliko. Njoo, mama. Hana mtu mwingine."

"Nipe niongee naye."

Ikasikika pumzi. Halafu sauti ya mwanawe, taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua.

"Mama, huyu mtoto ni wa nani?"

Simu ilipokatika, Mama Dobi alibaki juu ya ile ndoo mpaka povu kwenye beseni likaisha lote. Atakwendaje? Pasipoti hana, na pasipoti ni safari ya miezi na mlolongo wa madirisha. Nauli ya mabasi ya kawaida, kwenda na kurudi, na kumrudisha mgonjwa na kichanga, ni kitu cha watu wanaofuliwa, si cha wanaofua. Alisali. Hakupata jibu, akapata kazi: jezi za timu ya mtaani zilikuwa zimekauka, akazibeba kumpelekea mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa kinyozi wa kona, mwenyekiti wa tawi la mashabiki. Mikutano ya tawi aliifanyia humo humo kibandani, mashine mkononi, kichwa cha mtu mbele yake. Siku hiyo mabenchi yalijaa. Timu yao kubwa ilikuwa imepangiwa timu ya nchi jirani: mechi ya kwanza nyumbani, ya marudiano ugenini, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Na mji wa marudiano ulipotajwa, Mama Dobi akasimama mlangoni na furushi lake kichwani, hakuweza kulitua. Ndio mji alioko mwanawe.

"Hoteli hatulali," Mwenyekiti alikuwa akisema. "Wanaume ndani ya basi, wanawake ukumbini kwa mashabiki wa kule. Walipokuja kwetu mwaka juzi tuliwalaza, zamu yao sasa. Chakula ni mayai ya kuchemsha, mikate na chai ya chupa. Njiani tunanunua maji tu."

"Na choo?" mtu akauliza.

"Kila kichaka ni choo, chagua chako."

Wakacheka.

"Pesa tutabadilisha kwa mkupuo mmoja, sio kila mtu na mjanja wake wa mpakani. Sasa sikilizeni hili la hati. Chama cha mpira kinatuombea hati ya kundi, karatasi moja yenye sura zetu wote. Pasipoti haihitajiki. Lakini tukipungua thelathini haitoki, na sura zilizoondoka ndizo zinazorudi." Akazima mashine ili wamsikie vizuri. "Safari iliyopita kuna watu walipanda basi wakiwa mashabiki, wakashuka wakiwa wahamiaji. Tukafungiwa mwaka mzima kwa ajili yao. Tawi hili halibebi abiria. Linabeba mashabiki."

"Na mimi niandikeni," Mama Dobi akasema.

Vichwa vikageuka. Kwenye benchi la mbele alikuwepo kijana mmoja mchomelea vyuma ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, kwa kuwa ukimwasha hazimiki.

"Shangazi," Redio akasema, "unajua mpira una wachezaji wangapi?"

"Kumi na mmoja na golikipa."

Kibanda kikalipuka kwa kicheko. "Golikipa yumo humo humo, shangazi."

"Yumo? Mbona basi hakuvaa sare ya wenzake?"

Hapo hata aliyekuwa ananyolewa akalazimika kushikwa kichwa. Lakini Mwenyekiti alimheshimu mjane huyu, akasema mwacheni, kila shabiki alizaliwa siku fulani, huyu amezaliwa leo. Akamwandika.

Nauli alilipa kwa kuuza kabati. Nguo zake akazitundika kwenye misumari, na mshonaji alipouliza kabati liko wapi akaambiwa nyumba inataka hewa. Akamtafuta dereva wa basi, mtu mzima mwenye wajukuu, akamnong'oneza kuwa wakati wa kurudi atakuwa na mwanawe mwenye pasipoti yake halali na kichanga cha kupakata. Dereva akajikuna kidevu. "Kichanga hakina kiti," akasema. "Huyo mkubwa atakaa kwa utingo, utingo atasimama. Lakini mimi sikusikia kitu."

Akajitia kujifunza. Nyimbo za tawi alizikariri huku akipiga pasi, akiruka mistari yenye matusi. Wakampa bendera kubwa ya tawi aifue, naye kwa kutaka kuwafurahisha akaitia wanga kama shuka la hospitali. Siku ya mechi ya nyumbani ilipofunguliwa uwanjani, ilisimama kama bati. Upepo ukaja ukapita, bendera haikutikisika.

"Shangazi umetuletea mlango," Redio akasema.

Huyo Redio ndiye aliyekuwa mwalimu wake, na ndiye aliyemfundisha lile lililokuja kumtesa. Walipokuwa wakingoja mechi ianze alimuuliza kwa makini, kama mtu anayeulizia njia: "Mwanangu, hebu niambie. Leo tukifungwa, safari ipo?"

"Tukifungwa hapa kwetu, nani atakwenda kule kuzikwa mara ya pili? Watu watajitoa mmoja mmoja."

"Na tukishinda?"

"Tukishinda, shangazi, basi litajaa mpaka kwenye buti."

Basi mambo yakawa wazi. Mama Dobi hakuwahi kumsumbua Mungu kwa mambo ya mpira, na aliona haya kidogo kuanza. Lakini alikuwa amefunga tangu alfajiri, na katika ile kelele akainamisha kichwa akaomba mabao. Kwanza aliomba moja. Kisha akajiambia: Mungu si mchoyo, kwa nini nimwendee na kijiko? Akaomba mengi. Akaomba mpaka watu washangae.

Na akapewa. La kwanza liliingia watu hawajakaa vizuri. La pili kwa kichwa, la tatu golikipa wao alilisindikiza kwa macho. Kila bao alinyanyua mikono juu kabla ya wengine, machozi yakimtoka. Lilipoingia la sita Redio alimkumbatia akamzungusha, viatu vyake vikaning'inia.

"Wewe ndiye shabiki, shangazi. Sisi wengine tunaigiza."

Alirudi nyumbani amepoteza sauti na ana amani. Akampigia yule binti wa kule anayekaa na mwanawe. "Mwambie nakuja. Mwambie Mungu amefungua njia."

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa kinyozi kuchukua bendera aifue ule wanga utoke. Akamkuta Redio amesimama mlangoni.

"Mwenyekiti, nifutie jina langu."

"Una wazimu? Tumeshinda."

"Ndiyo maana. Sita bila, kaka. Mechi imekufa. Marudiano ni kwenda kuangalia maiti, na msiba wa watu siendi kwa nauli yangu. Nitaangalia kwenye televisheni nimenyoosha miguu. Nauli naiweka kwa ajili ya raundi ijayo, huko ndiko kwenye vita."

Mama Dobi alisikia kila neno, na kila neno lilikuwa kama maji ya baridi yanayoshuka mgongoni. Alidhani ni mzaha. Lakini Redio akinena, karakana nzima ya wachomelea vyuma inaitikia. Kufika jioni walikuwa wameshajitoa wote, kundi zima, wakafuatwa na wauza nyama, wakafuatwa na wapiga ngoma. Wote walitoa sababu hiyo hiyo: kazi imekwisha, tukaangalie nini?

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu ashike pasi, aliunguza shati la mteja. Alisimama juu yake akiwaza, mabao mawili yangetosha, hata moja, na pasi imelala kifuani pa shati mpaka moshi ukamwambia. Akaitazama ile alama ya kahawia yenye umbo la pasi. Mimi ndiye niliyeomba, akajiambia. Niliomba kwa ndoo, nikamwagiwa kwa ndoo.

Akaanza kuzunguka. Asubuhi anafua, mchana anatembea. Alikwenda mpaka karakana, akasimama katikati ya cheche akisubiri wazime mashine zao.

"Wanangu, mpira unadunda," akawaambia. "Je, wale nao wakifunga saba?"

Wakavua miwani yao myeusi wapate kumtazama vizuri. "Saba, shangazi? Wale? Hata tukiwaachia goli wazi hawafikishi."

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wachezaji wetu watalegea. Msipokwenda kuwaimbia watalegea."

"Watalegea tuko hapa hapa, tutawaona," Redio akasema. Kisha akaongeza kwa upole, maana alimpenda kweli: "Shangazi, wewe umeupenda mpira kwa pupa. Tulia. Kuna mechi nyingi mbele."

Kwa muuza nyama alisema mengine, kwamba safari yenyewe ni starehe, mtu kuona mji wa watu kwa bei ya mayai ya kuchemsha. Muuza nyama akamwambia mji wa watu bila mechi ni barabara tu. Kwa wapiga ngoma aliahidi kuwafulia nguo zao bure mpaka mwaka uishe. Wawili wakakubali, wakarudi wamekataa, wake zao wamekasirika, wanauliza kwa nini nguo zifuliwe nje. Ikafika watu wakimwona anakuja na jezi yake ya zambarau wanaingia ndani. Mshonaji akamwonya kutoka kwenye cherehani: "Mwenzangu, wameanza kusema umechanganyikiwa."

Mama Dobi akasimama. Neno hilo lilimfika mahali pengine kabisa.

"Nimesikia," akasema.

Angeweza kumwambia mshonaji hapo hapo. Lakini aliujua mtaa wake. Binti kazaa bila mume, akili imemtoka, hilo lingefika sokoni kabla ya yeye kufika mlangoni kwake. Na likimfikia Mwenyekiti atasema, kumbe ni abiria. Akameza.

Kisha yule binti wa kule akapiga tena, sauti imebadilika.

"Mama, mmefikia wapi? Leo nimetoka kazini nimemkuta mtoto nje ya mlango. Amemlaza chini. Amemfunika vizuri, amemwekea na kofia. Nimemuuliza kwa nini, ananiambia mwenye mtoto atapita kumchukua."

"Mungu wangu."

"Alikuwa hajalia, mama. Alikuwa anaangalia watu wanavyopita tu. Mimi siwezi tena. Nikiondoka hapa sijui itakuwaje."

Mama Dobi hakulala, ila hakuna haja ya kueleza usiku huo. Palipokucha alioga, akavaa jezi, akasali, akaenda kwa kinyozi. Ilikuwa ndiyo siku ya mwisho: majina yalitakiwa yafike ofisi ya chama cha mpira kabla hawajafunga saa za mchana.

Kibandani walikuwepo wachache. Redio alikuwa kwenye kiti, shuka jeupe la kinyozi limefungwa shingoni, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa, upande wa pili bado una nywele zake zote. Alikuwa katikati ya hadithi ya bao la nne. Mwenyekiti alipomwona Mama Dobi akazima mashine, akafungua droo.

"Mama, afadhali umekuja mwenyewe. Hatufiki hata ishirini. Mwenye basi hataki, hati haitoki. Safari nimeifunga. Chukua nauli yako."

Akamnyooshea bahasha. Mama Dobi hakunyoosha mkono.

"Nina jambo," akasema. "Nitalisema mara moja, maana nikilirudia nitalia."

Akalisema. Alisimama wima kama aliye mbele ya hakimu, akasema habari ya mziwanda wake na ule ukuta anaoutazama, na mtoto asiyejulikana ni wa nani, na kile kichanga chini nje ya mlango chenye kofia. Akasema chumba kinarudishwa kwa mwenyewe mwisho wa mwezi. Akasema kuhusu dereva na kiti cha utingo, hakumficha Mwenyekiti hata hilo. Hakulia.

Mwenyekiti aliweka bahasha juu ya meza, kati ya vitana.

"Kwa hiyo ulikuwa abiria," akasema.

"Nilikuwa abiria."

"Na ulituficha."

"Ningekuambia siku ile, ungeniandika?"

Mwenyekiti alikuwa mtu mkweli. Alifikiri kwanza. "Nisingekuandika."

"Basi."

Mtu mmoja kwenye benchi akakohoa. Mwenyekiti akachukua kitambaa, akaanza kufuta mashine ambayo haikuwa na uchafu. "Leo ningekuandika, mama," akasema bila kumtazama. "Haki ya Mungu ningekuandika, na huyo mwanao ningempa kiti changu. Lakini nikuandike kwenye karatasi gani? Watu hawapo. Wameshamaliza mechi vichwani mwao."

"Najua. Na kosa ni langu."

"Kosa gani tena lako hapo?"

"Mabao. Mimi ndiye niliyeyaomba." Akamtazama Redio kwenye kioo, bila ukali, kama anavyomtazama mtu aliyemfundisha jambo. "Nilimuuliza huyu mwanangu, akaniambia tukishinda basi litajaa mpaka kwenye buti. Nami sijui mpira. Nikaona kama moja linajaza basi, sita yatajaza mawili. Nikafunga, nikaomba. Kumbe kuna kushinda kunakofunga njia. Sikujua. Hakuna aliyeniambia."

Hakuna aliyecheka. Redio alikuwa amefungua kinywa tangu neno la kofia, na kinywa kilikuwa bado wazi. Kwenye kioo alijiona yeye mwenyewe, nusu kichwa, na nyuma yake jezi ya zambarau iliyofuliwa mpaka ikapauka kidogo mabegani. Mtu ambaye hata msibani huambiwa apunguze sauti, safari hii alikosa pa kuanzia.

"Shangazi," akasema. 

Akatazama saa ya ukutani: ofisi ya chama ilikuwa haijafungwa. Akasimama.

"We, kaa," Mwenyekiti akasema. "Unakwenda wapi na nusu kichwa?"

 Redio alivuka kizingiti na lile shuka jeupe shingoni, linampepea mgongoni kuliko bendera yoyote ya tawi, akaupita mlango wa kwake, akalipita duka la muuza nyama, akashika njia ya karakana ya wachomelea vyuma, bila neno jingine.